Kifurushi Nilichopokea kwa Mikono Miwili

Nyie wenzangu wa kwaya mmenichosha. Tangu nirudi, kila mkiniona njiani mnapiga vigelegele na kuniuliza shemeji yenu yuko wapi. Aika, binti yangu, ambaye ndiye aliyevujisha habari, anakaa pembeni na kujifanya hajui mnacheka nini. Basi kaeni niwasimulie mara moja tu, tangu mwanzo. Atakayebaki na swali akamuulize yeye.

Mnanijua. Tangu baba Aika atutoke, kila nikimaliza kuvuna kahawa naondoka Marangu kwenda mji nisioujua, peke yangu, bila mwenyeji na bila mpango. Hapa kwetu siwezi kwenda dukani kununua chumvi bila kuulizwa chumvi ya nini. Kule ninakokwenda mimi si mama wa mtu wala mjane wa mtu. Nina kanuni zangu: sichukui namba ya simu ya mtu, siahidi kurudi, na siulizi cha kutazama. Safari hii nilichagua Meru kwa sababu tu niliona jina lake limeandikwa kwenye kioo cha basi.

Meru mjini

Utamu wa mji wa kigeni ni asubuhi ya kwanza. Unatoka mlangoni na hakuna upande ulio sahihi. Mimi huwa natafuta mtu aliyebeba kitu nisichokijua, namfuata. Meru nilimfuata mama mmoja aliyebeba mgongoni kiazi kikuu kikubwa kuliko mtoto, mkanda ukiwa umepita kwenye paji la uso, mpaka tukafika sokoni. Baridi ilikuwa kama ya kwetu, ndizi kama za kwetu, lakini Kimeru kilikuwa kinapita masikioni bila kunidai chochote. Nilifurahi mpaka nikawa natabasamu peke yangu.

Kumbe furaha hiyo ilikuwa inawatisha watu. Kila niliponunua kitu kidogo na kusimama kutazama, muuzaji alinyamaza. Mmoja, mwenye maparachichi, hatimaye akauliza, "Mama, umekuja kuona nani?"

"Sijaja kuona mtu."

"Ni biashara?"

"Hapana."

"Ni mkutano ya kanisa?"

"Hapana, natembea tu."

Akaniangalia viatu, akaangalia mkoba. "Na hiyo Kiswahili yako ni ya redio," akasema, kisha akamgeukia jirani yake na kusema kitu kwa Kimeru. Neno likapita meza hadi meza. Nilipofika mwisho wa safu ile, watu walikuwa wanafunika mizani zao na mwanamume mmoja alikuwa anafunga kibanda asubuhi ile ile. Walidhani mimi ni mkaguzi aliyetumwa kuwachunguza.

Nyie mnajua mimi sina subira na kushukiwa. Nilikula mukimo wangu kwenye hoteli ya jirani, mahindi na viazi vilivyopondwa na majani mpaka vikawa kijani, mtamu kweli, huku mhudumu na mwenye kaunta wakinitazama kwa zamu. Halafu nikapanda gari la kwanza lililokuwa linashuka kusini. Kondakta akaniuliza nashukia wapi, nikamwambia nitakapopapenda.

Kanyakine

Nilipapenda Kanyakine. Ni mji mdogo, na ukitoka kwenye maduka hatua chache umeshaingia kwenye migomba, kahawa na vibanda vya ng'ombe. Nikafuata njia moja inayozunguka kilima. Njia hiyo, jamani, inakurudisha pale pale ulipoanzia, na mimi kwa kuwa sikuwa na pa kwenda nikaizunguka tena.

Mara ya kwanza nilimpita mwanamume wa makamo yangu akipogoa kahawa kando ya ua. "Muga," akanisalimu, nami nikaitikia hivyo hivyo. Nikasimama kidogo nikitazama mkono wake, maana alikuwa anapogoa vizuri, hakimbilii tawi. Mara ya pili nikasimama tena. Mara ya tatu alikuwa amebadilisha shati, na langoni alisimama mwanamke mwenye kikombe cha chai mkononi.

"Sasa hii ni mara ya tatu unapita," akasema yule mwanamke. "Kuja tu ndani, usione haya."

Huyo ndiye Kagwiria, dada yake. Mwanamume anaitwa Gitonga. Aliniambia mkewe alifariki zamani na watoto wake wote wako Nairobi. Nilipewa chai ya maziwa mengi na nduma za kuchemsha, yale magimbi yetu. Nikazisifu nduma zile kwa kinywa chote. Walipouliza namtafuta nani nikasema simtafuti mtu, natembea tu. Wakatazamana na kucheka kidogo, kile kicheko cha kumstahi mtu anayeficha jambo. Mimi nikadhani wamefurahi kumpata mgeni.

Halafu Gitonga akanitembeza. "Huyu ng'ombe iko na maziwa mzuri," akasema. "Na hii maji ya mfereji haipotei, hata kiangazi." Akanionyesha kahawa, akanionyesha chumba ambacho paa lake ni jipya. Alikuwa akisema kidogo, kisha ananyamaza kungoja nione. Nami, mkulima mwenzake, nikasifu kila kitu kwa haki. Nikafika mpaka mahali nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Kwa kweli atakayeishi hapa hana shida."

Tuliporudi barazani Kagwiria akauliza, "Kwenu mkubwa ni nani?"

"Kaka yangu, Eliufoo."

"Ni mtu ya maneno mingi?"

"Hapana, ni mpole sana."

"Hiyo ni mzuri," akasema, akaingia ndani. Alikaa huko kitambo. Wakati huo Gitonga aliosha vikombe vyetu mwenyewe kwenye beseni, taratibu, akakifuta changu mara mbili.

Nilipoaga, Kagwiria alinifuata hadi langoni na kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba, kamba yake ya ganda la mgomba imezungushwa kwa ufundi. "Hii utapelekea ndugu yako. Wewe usifungue, yeye ndio atafungua."

Nikajua ni miche ya nduma, kwa vile nilivyozisifu. Nikapokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama tulivyofunzwa. Nikashukuru sana. Wanawake wawili waliokuwa jikoni wakapiga vigelegele, na nilipokuwa nikishuka kilima nikawaza moyoni kwamba watu hawa wanajua kumuaga mgeni.

Embu

Jioni ile niliingia Embu nikiwa mtu mwenye raha kuliko wote duniani. Nikatafuta chumba, nikatembea kidogo chini ya miti, nikalala. Asubuhi nilikuwa nipande basi la Nairobi ili niunganishe Namanga na kurudi nyumbani. Nikaingia kunywa chai kwenye hoteli ndogo ya mama mmoja anayeitwa Wanja, nikaweka kifurushi mezani na kumuomba maji ya kunyunyizia miche yangu.

Wanja alikuja na maji, akakitazama, kisha akakaa chini mbele yangu bila kukaribishwa.

"Hii umepewa na nani?"

"Na watu wema huko Kanyakine. Ni miche ya nduma."

"Mama, hii si nduma. Hii ni miraa. Mimi niliolewa Igoji, hii ndio ililetwa kwetu. Ona vile kamba imezungushwa. Hii si ya kutafuna na marafiki. Hii ni ya kuposa."

"Kumposa nani?"

"Kwani kuna nani mwingine hapa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulishika na mkono mbili?"

"Ndiyo."

"Na ukasema asante?"

"Nilisema sana."

"Uuui," akasema Wanja, akavuta kiti karibu.

Akili yangu kwanza ilikimbilia mpakani. Miraa ndiyo hiyo hiyo mirungi, na nyie mnajua kwetu mirungi ni jela. Nilijiona pale Namanga, mimi niliyeimba mbele ya kanisa zima Jumapili iliyopita, nikimweleza afisa kwamba nilidhani ni nduma. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile ya Embu. Nikasema naenda kukitupa chooni sasa hivi.

"Unaweza tupa," akasema Wanja. "Hakuna mtu atajua. Lakini wacha nikuambie vile inaenda. Ukirudisha ikiwa bado mbichi, hakuna neno. Hata hawakuulizi sababu. Lakini ikikauka kwa mkono yenu, hiyo umekubali. Yeye ataanza kutafuta mbuzi ya kuleta kwenu."

"Kwetu hapajui. Hana hata namba yangu."

"Hiyo ndio mbaya zaidi," akasema. "Atangoja."

Neno hilo lilinikaa vibaya. Nikampigia Aika simu. Alicheka mpaka akakohoa, halafu aliposikia habari ya mirungi akabadilika sauti. "Mama, kitupe, panda basi uje nyumbani. Humjui huyo mtu. Ukirudi huko wakakuzuia je? Nani atajua uko wapi?"

Na kweli hakuna aliyejua nilipokuwa, maana ndivyo nilivyotaka mwenyewe. Niwaambie ukweli: nilitaka kupanda lile basi. Niliogopa kurudi kwenye nyumba ya watu nisiowajua kumwambia mwanamume usoni kwamba nilikula nduma zake, nikasifu maji yake na paa lake, na haikuwa na maana yoyote. Lakini kila nilipoitazama njia ya stendi nilikiona kikombe kile kikifutwa mara ya pili. Nilikuwa nimejisifu miaka yote kwamba napita kwenye miji ya watu bila kuacha kitu. Kumbe hapa nilikuwa nimemwachia mtu tumaini, na lilikuwa linaendelea kuota nikiwa nakunywa chai.

Wanja akakizungushia jani lingine bichi kwa juu. "Usiweke maji mingi, itaoza. Na usikae kwa jua. Ikifika jioni hiyo haitakuwa mbichi tena."

Darajani

Gari nililopanda kurudi Kanyakine lilikwenda vizuri mpaka tukakuta magari yamesimama mstari mrefu. Lori la ndizi lilikuwa limelala upande kwenye daraja, mikungu imetapakaa barabarani. Dereva wetu akazima injini, akavua viatu, akaegemeza kiti nyuma. Nikajua huyo hana haraka.

Jua likapanda. Abiria walishuka, wakanunua mahindi, wakaketi kivulini wakizungumza habari za mvua. Mimi nilikaa na kifurushi mapajani, kila mara nachungulia. Ncha za majani ya ndani, ambazo nilipochungulia mara ya kwanza zilisimama wima, zilikuwa zimeanza kuinama. Nikazifunika. Nikachungulia tena, ingawa nilijua kuchungulia hakusaidii. Wakati fulani nilijikuta nazisemesha kwa Kichaga.

Nikashindwa kukaa. Nikashuka, nikakishika kwapani na kuanza kuvuka daraja kwa miguu pembeni ya lori. Mwisho wa daraja alisimama askari wa trafiki. Mwili wangu wa Kitanzania ukafanya ulichozoea: nikakivuta kifurushi chini ya kitenge na kuinamisha uso.

"Wewe mama! Simama hapo. Umeficha nini?"

"Hakuna kitu, afande."

"Toa."

Nilikitoa kwa pupa mpaka kitenge kikaanguka. Watu wakageuka kutazama. Askari akakichukua, akakigeuza, akaiona ile kamba. Uso wake ukalegea.

"Na hii ndio unaficha? Hii si makosa hapa, mama. Makosa ni kuificha. Ni ya nani?"

"Ni yangu. Naenda kuirudisha."

Akanitazama upya, kisha akatazama saa yake, kisha akatazama jua. Hakuuliza lingine. Alimpigia mluzi mwendesha pikipiki aliyekuwa ng'ambo. "Huyu mama umpeleke Kanyakine, na usisimame njiani." Akanirudishia kifurushi kwa mikono miwili.

Nilipanda. Nilikishikilia kifurushi kati yangu na mgongo wa dereva, upepo usikifikie. Sikutazama milima wala migomba. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno, na kila sentensi niliyoipanga ilianza na "samahani" na kuishia hewani.

Kanyakine tena

Niliomba kushukia chini ya kilima. Kwenye ua wa jirani niliona isale, jani lile lile letu, refu na la kijani. Nyie mnajua kwetu mtu akikuletea isale huwezi kumnyima msamaha. Nikachuma moja, nikalifunga fundo, kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika kilichokuwa changu.

Langoni palikuwa pamefagiliwa. Kando ya kibanda cha ng'ombe alikuwa amefungwa mbuzi ambaye jana hakuwepo. Kagwiria aliniona kwanza, akainua mikono kwa furaha, halafu akaona nilichobeba na mikono ikashuka.

Gitonga alitoka ndani. Alikuwa amevaa lile shati safi. Nilisahau maneno yote niliyopanga, nikasema, "Nimekuja kurudisha. Sikujua ni nini. Nilidhani ni nduma."

Kagwiria akasogea mbele ya kaka yake.

"Ulipita hapa mara tatu," akasema, sauti yake ikiwa imekaza. "Mtu hawezi pita mara tatu bure. Ulisimama ukaangalia yeye akifanya kazi. Ukasema mwenye ataishi hapa hana shida. Sisi tufikirie nini?"

"Ulifikiri vizuri," nikamjibu. "Kosa ni langu. Mimi hutembea tu. Ndiyo raha yangu. Nilipita mara tatu kwa sababu palikuwa pazuri."

"Na umekawia!" akasema. "Jua hiyo inaingia. Hii imeshakauka." Akakinyakua kifurushi, akafungua kamba, akafunua majani hapo hapo barazani. Vijiti vilikuwa vimelala. Majani ya juu yalikuwa yamejikunja na kupoteza rangi, na mtu yeyote aliyelelewa shambani angejua.

Gitonga akainama, akachagua kijiti kimoja, akakikunja kati ya vidole vyake. Kijiti kibichi huvunjika na kulia. Hiki kilijikunja bila sauti, kikabaki hivyo, kimelegea, mbele ya macho yetu sisi watatu.

Akakitazama kwa muda. Kisha akakirudisha pamoja na vingine na kuvifunika kwa majani.

"Iko mbichi," akasema.

Kagwiria akafungua mdomo. Kaka yake akamtazama tu, naye akaufunga, akakibeba kifurushi kuingia nacho ndani.

Nililia, sitawaficha. Nikampa lile isale na kumweleza maana yake kwetu. Akaligeuza mkononi. "Hapa tunapanda hii kwa mpaka ya shamba," akasema, "ndio watu wasikosane." Akalitia kwenye mfuko wa shati. Halafu, kwa kuwa giza lilikuwa linakaribia na yeye ni mtu wa adabu, akanisindikiza mpaka barabarani, tukaongea habari za kupogoa kahawa. Gari lilipotokea akasema, "Ukitaka kutembea, wewe tembea. Lakini ukipita hapa sema tu umekuja kuona mahali. Tutakupa chai bila maneno."

Namanga

Afisa wa mpakani alinikagua mkoba mpaka chini. Alikuta vitenge, viatu na nduma chache za kuchemsha ambazo Kagwiria alimpa kaka yake aniletee barabarani, akiwa bado amekasirika. Akazinusa, akanirudishia.

"Ulikuwa unatembea Kenya sehemu gani?"

"Meru na Embu."

"Ulifikia kwa nani?"

Hilo swali nimeulizwa kwenye kila mpaka niliovuka, na siku zote nimejibu kwa majivuno, "Si kwa mtu." Nilifungua mdomo niseme hivyo tena.

"Kwa Gitonga," nikasema. "Kanyakine."